Mawimbi ya redio kazini: asiyefunzwa ndiye anayetumwa juu

Wiki hii nimechukua maswali ya wanaofanya kazi karibu na antena, rada na mashine za mawimbi. Ya kulala na simu chini ya mto nimeyaacha.

*Shikamoo mwalimu. Tunapaka rangi ghorofa moja hapa mjini na juu ya paa kuna antena za simu. Msimamizi anasema tusiwe na wasiwasi, mafundi wa mtandao wote wamepata mafunzo. Ni sawa?* (Kibarua wa rangi, Mabatini)

Marahaba. Si sawa hata kidogo, na hili nitalisema mpaka koo likauke. Mafunzo ya fundi wa mtandao yanamkinga fundi wa mtandao. Anayeburuta ndoo ya rangi mbele ya antena ni wewe.

Viwango vya ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mawimbi kama haya, vilivyohuishwa mwaka 2020, vina ngazi mbili. Kikomo cha mfanyakazi ni mara 5 ya cha raia. Kwenye masafa ya redio za FM, kwa mfano, mfanyakazi anaruhusiwa wastani wa wati 10 kwa mita ya mraba, raia wati 2. Si kwamba mwili wa mfanyakazi ni mgumu zaidi. Anahesabiwa kuwa amefunzwa: anajua mawimbi yanatoka wapi, anajua kusoma kipimo, anajua nani wa kumpigia ili mtambo uzimwe. Ambaye hajafunzwa anabaki raia, hata avalishwe kofia ngumu na kizibao cha kampuni. Wakandarasi wengi hawataki kulisikia hili kwa sababu vibarua hubadilishwa kila Jumatatu na mafunzo yanakula muda. Lakini Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri awape watu wake taarifa na mafunzo. Haikusema awape wale wenye ajira ya kudumu tu.

Kabla hujapanda, muulize msimamizi antena zile ni za nani. Paa moja laweza kuwa na za kampuni tatu, na kuzima moja si kuzima zote. Angalia pia ukutani: nyingine hufichwa ndani ya boksi lililopakwa rangi ileile ya jengo, ukadhani ni sehemu ya nguzo. Usisimame mbele ya uso wa antena, na usiupake rangi. Kukiwa na kazi ya kusogea karibu, izimwe kwanza, na mwenye nayo athibitishe kwa maandishi. Na mkanda wa usalama uvae. Kuanguka kutoka juu hakusubiri mawimbi.

*Mnara uko mita 80 kutoka nyumbani kwangu Buhongwa. Nitapata saratani?* (Mama wawili)

Dada, swali hili limeshajibiwa hapa mara nyingi. Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani la IARC liliyaweka mawimbi ya redio kundi la 2B, yaani inawezekana, haijathibitishwa. Madhara yaliyothibitishwa ni ya joto kupanda mwilini, na kwa umbali wako kiasi kinachokufikia ni kidogo sana. Ukitaka uhakika, TAEC, Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, hupima.

*Korongo wanatua juu ya mnara wetu Igogo kila siku na hawafi. Hiyo hatari iko wapi?* (Mlinzi)

Antena za simu hutupa mawimbi mbele kama tochi. Korongo katua juu ya tochi. Usimfanye mkaguzi wa usalama.

*Mimi ni fundi wa kituo cha FM. Bosi hataki matangazo yakatike, anasema tutapunguza nguvu hadi nusu wakati napanda. Inatosha?* (Fundi, Nyamagana)

Haitoshi. Masafa ya FM yako ndani ya eneo kati ya megahezi 30 na 400 ambako kikomo ni kikali kuliko kwingine, kwa sababu hapo mwili wa mtu unayanyonya mawimbi vizuri mno, karibu kama antena yenyewe. Joto lake linaingia ndani kuliko vihisio vya ngozi, kwa hiyo usingoje kusikia moto ndipo ushuke. Nusu ya nguvu, nawe umeikumbatia antena, bado ni nyingi.

Nitakuambia kilichonipata. Kituo kimoja sitakitaja, mlingoti juu ya kilima, mtambo wa kilowati 1. Aliye chini akaniambia kwa simu, "Nimezima, endelea." Kweli alizima mtambo mkuu. Ule wa akiba ukajiwasha wenyewe, kama ulivyopangwa. Nikanyoosha mkono kukaza boliti, na kabla kidole hakijagusa chuma, cheche ikaruka. Kilichobaki ni doa jeupe kwenye ncha ya kidole, dogo kama punje ya ulezi. Halikutoka damu. Nikalidharau. Usiku ndipo maumivu yalipoanza, kutoka ndani, na kidonda kilichukua wiki tatu kwa sababu nyama ilikuwa imeiva chini ya ngozi.

Tangu siku hiyo nazima mwenyewe, wa akiba pia, natia kufuli langu kwenye swichi na ufunguo unapanda nami mfukoni. Bosi akikataa kukata matangazo kwa saa moja, usipande. Panga kazi usiku wa manane, lakini tazama ziwani kwanza: radi za Ziwa Victoria hupenda usiku.

*Tukisafisha mlingoti wa meli, rada ikizunguka ina shida?* (Baharia, Mwanza Kusini)

Ikizunguka, mwale unakupitia na kuondoka, wastani wake ni mdogo, ingawa mkono wa rada wenyewe waweza kukuangusha. Hatari kubwa ni rada iliyosimama huku inarusha, na uso wako uko usawa wake. Masafa yale huchoma juujuu: ngozi na macho, na lenzi ya jicho haina damu ya kuipoza. Zima, chomoa fyuzi, weka kibao kwenye swichi kule kwa nahodha.

*Nachomelea maturubai kwa mashine ya mawimbi. Vidole vinapata joto na kufa ganzi jioni.* (Msichana wa kiwandani)

Mdogo wangu, swali lako ndilo limenikosesha usingizi. Mashine hizi, nyingi za megahezi 27.12, ni miongoni mwa zinazompiga mfanyakazi kwa mawimbi mengi kuliko kazi nyingine nyingi, na wanaozitumia mara nyingi huambiwa ni kama cherehani. Joto la vidole si la kuzoea. Mashine lazima iwe na ngao ya chuma kuzunguka sehemu inayobana plastiki. Kama iliondolewa ili kazi iende haraka, irudishwe. Usishike turubai wakati inachomwa, tumia kibano kisicho cha chuma, rudi nyuma hatua moja. Hata hatua hiyo inapunguza mengi. Nenda hospitali ukaandikiwe, na uitunze karatasi, kwa sababu ukidai fidia ya WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, utaihitaji. Kisha OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, wapigiwe, na si lazima uwe wewe. Mzazi au ndugu anaweza.

*Mashine ya kuziba mifuko ya minofu ya sangara ni ya mawimbi?* (Mfungashaji, Ilemela)

Nyingi ni waya wa moto tu. Itakuunguza, lakini si kwa mawimbi.

*Nimepata cheti cha mafunzo kwa saa mbili mtandaoni. Kinadumu miaka mingapi?* (Bila jina)

Je, uliwahi kushika kipimo? Ulionyeshwa swichi ya mtambo utakaoupanda wewe? Kama hapana, bado hakijaanza.