Ukilima mpunga bondeni, mjue chatu

Sisi tunaolima mpunga bonde la Mto Lukuledi, huku Lindi, tunaishi na chatu majirani. Akionekana tu kwenye matete, yowe linapigwa na watu wanakimbilia mapanga. Ndugu zangu, nawaomba sana, yarudisheni hayo mapanga.

Chatu wetu wa kusini hana sumu. Huua kwa kukaba. Wengi wana mita 3 hadi 4, wachache hupita 5. Majini ni fundi: huzama mwili mzima akabakiza pua, akavizia mnyama anayekuja kunywa. Kwenye midomo ana vitundu vinavyohisi joto, kwa hiyo hata usiku wa giza nene anajua ndezi alipo. Na ndezi ndiye anayetukatia mpunga! Mimi kichaka kilicho mwisho wa majaruba yangu sikifyeki, kwa sababu hiyo hiyo.

Kinachonigusa zaidi ni jike. Huingia shimo la zamani la muhanga au kichuguu kilichohamwa, akataga mayai 30, 50, pengine zaidi, akayazungushia mwili. Muda wote wa kuatamia, miezi miwili hadi mitatu, hali kitu. Mchana hutoka kuota jua, ngozi ikikolea weusi ili ishike joto, kisha hurudi kuwapa mayai joto hilo. Watoto wakianguliwa hukaa nao tena siku kadhaa, na nyoka wanaotaga mayai wanaofanya hivyo ni wachache mno. Basi ukimkuta chatu mweusi mdomoni mwa shimo, usichome moto, usizibe. Palilia kwingine.

Bata na mbuzi wasilale bondeni. Wafungieni banda imara kabla ya magharibi. Watoto wasioge peke yao kwenye madimbwi yenye matete.

Akikuuma, usivute mkono kwa pupa: meno yake yamepinda kwa nyuma, utajichana. Akijizungusha mwilini, wenzako wamkunjue kuanzia mkiani. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi, halafu zahanati, mkaulizie sindano ya pepopunda.

Akiingia bandani, watu wakae mbali, mmoja ampigie mtendaji wa kijiji ili afisa wanyamapori wa wilaya aitwe. Na anayekushawishi umuuzie ngozi, mkatalie: bila kibali ni kosa, na utakayekamatwa nayo ni wewe.