Mita janja haikimbii: gawanya risiti kwanza

SWALI: Fundi, shikamoo. Huku kwetu Mbagala wanabadilisha mita za LUKU, za umeme wa kulipia kabla, na kufunga hizi mita janja. Jirani yangu kabadilishiwa mwezi uliopita, na sasa umeme wa elfu kumi aliokuwa akikaa nao mwezi mzima hauvuki siku kumi. Halafu kuna kijana anapita anauza kifaa cha kuchomeka kwenye soketi, shilingi 35,000, anasema kinapunguza mwendo wa mita. Nikubali kubadilishiwa au nigome? Na hicho kifaa kinafaa?

JIBU: Marahaba. Usigome, na hiyo elfu thelathini na tano nunulia mchele.

Tuanze na jirani, maana malalamiko kama yake yanazuka kila mtaa mita zinapobadilishwa, na anayesingiziwa huwa ni mita. Mwambie afungue ujumbe wa LUKU wa zamani na wa sasa. Kwenye pesa aliyolipa atoe kodi ya jengo (1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida) na deni kama lipo, kinachobaki agawanye kwa units alizopata. Jibu likija kama 122, yuko D1, daraja la watumiaji wadogo wasiovuka units 75 kwa mwezi: unit shilingi 100, juu yake VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) 3 na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) 1. Likija kama 356, yuko T1, daraja la kawaida, ambako unit ni 292 kabla ya makato hayohayo. Ndizo bei zilizopangwa na EWURA mwaka 2016.

Elfu kumi ukitoa 1,500 inabaki 8,500. Kwa D1 hiyo ni units 70 hivi. Kwa T1 ni 24 tu. Nyumba inayokula units 70 kwa mwezi inatumia 2.3 kwa siku, kwa hiyo 24 zinakatika siku ya kumi. Siku kumi zilezile! Sijaona risiti zake, lakini hesabu ikitoka hivyo, mita haijakimbia hata hatua moja. Kilichobadilika ni daraja la bei: ama namba mpya ya mita imesajiliwa T1, ama matumizi yake yalikuwa yameshaanza kuvuka 75. Aende ofisi ya wilaya ya TANESCO, shirika la umeme, akiwa na namba zote mbili za mita na meseji za manunuzi ya miezi kadhaa, aombe D1 yake. Kabla hajaenda ajihoji kuhusu friji. Friji ya wati 150 ambayo injini yake inafanya kazi nusu ya siku inakula units 1.8 kwa siku, yaani 54 kwa mwezi. Zinabaki 21 za taa, tivii, feni na pasi.

Hili neno "inakimbia" limetuchosha. Lina asili yake katika mita za zamani za sahani ya aluminiamu inayozunguka. Zile zikichakaa zilizunguka taratibu, na mzigo mdogo kama taa moja au chaja ya simu haukuweza hata kuisukuma sahani. Aliyetoka kwenye mita ya namna hiyo kweli aliona mabadiliko, kwa sababu alikuwa anatumia asicholipia. Lakini wewe unatoka kwenye LUKU, ambayo tayari ni ya kielektroniki. Mita janja inapima kwa kanuni ileile. Kilichoongezeka ni mawasiliano: inatuma usomaji yenyewe na inaweza kupokea units zako kwa mbali. Zisipoingia, zile namba 20 ziko kwenye simu yako, ziweke kwa mkono kama ulivyozoea.

Kuna jambo moja ambalo mita mpya inaweza kulifichua, na hapa ndipo ningetaka watu wapeleke wasiwasi wao. Mita nyingi za sasa zinapima umeme kwenye nyaya mbili, laini (unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha), kisha zinahesabu kwa ule wenye mkondo mkubwa. Nyumba ikiwa na waya uliochubuka, umeme ukavujia kwenye ethi (waya wa ardhini), au fundi wa zamani aliunganisha nyutro na ethi ndani ya nyumba, mita iliyokuwa ikipima waya mmoja pengine haikuona kitu. Mpya itaona. Mbaya zaidi ni nyutro ya kuazima, ugonjwa wa nyumba za kupanga zenye mita mbili tatu: chumba cha jirani kinachukua laini kutoka mita yake, lakini nyutro yake imeunganishwa kwenye yako. Mkondo wake unarudi kupitia mita yako, nayo inakata units zako wewe.

Kulijua hilo hakuhitaji mganga. Kwenye mita kuna taa ndogo nyekundu inayopepesa, na pembeni yake imeandikwa kitu kama 1000 imp/kWh, maana yake ikipepesa mara 1,000 umetumia unit moja. Kama mita iko juu ya nguzo, mtu mwenye macho mazuri asimame chini akiangalia wakati wewe uko ndani. Zima swichi kuu. Taa iache kupepesa. Ikiendelea, kuna waya umeunganishwa kati ya mita na swichi kuu, au mita ina hitilafu. Toa taarifa siku hiyohiyo. Ikiacha, washa swichi kuu lakini breka zote ndogo zibaki chini. Taa ikianza tena kupepesa wakati hujawasha hata balbu, shuku nyutro ya kuazima. Baada ya hapo pandisha breka moja moja huku vifaa vyote vikiwa vimechomolewa. Breka itakayoamsha taa ndiyo yenye mstari unaovuja. Hapo mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, aje na kipimo cha kung'ata waya.

Ukitaka kuipima mita yenyewe, tumia birika la umeme. Pasi haifai, inajizima na kujiwasha. Chukua birika la wati 2,000, lijaze, zima kila kitu kingine, liwashe, kisha hesabu mipepeso kumi kwa saa ya simu. Kwa mita ya 1000, kumi ichukue sekunde 18. Umeme wa mtaani ukiwa mdogo, volti 210 badala ya 230, birika nalo linavuta kidogo na utapata kama sekunde 22. Hilo ni sawa. Ukipata chini ya 15, rudia mara tatu, andika, piga TANESCO 180, udai mita ikapimwe. Wakala wa Vipimo wana mamlaka ya kuihakiki, na ukizungushwa, EWURA wanapokea malalamiko. Nenda na sekunde zako mkononi, si na "nahisi".

Siku ya kubadilishiwa, piga picha mita ya zamani: namba zake na units zilizobaki, ili zihamishiwe kwenye mpya. Wakishawasha, kaa nusu saa. Taa za ndani zikicheza, mita ikinguruma au ukisikia harufu ya plastiki, skurubu ya waya haijakazwa. Waite warudi, wewe usiguse sili. Mkaguzi hatauliza ulikuwa na nia gani.

Sasa kijana wa kifaa. Ukikipasua utakuta kapasita moja, vipande viwili vitatu na taa ya kijani ya kukufurahisha. Ujanja wake ni huu: anawasha feni, anang'ata waya na kipimo cha ampia, anachomeka kifaa, ampia zinashuka kweli, nawe unatoa pesa. Ampia zimeshuka kwa sababu kapasita inafidia ule mkondo wa injini usiofanya kazi yoyote. LUKU haikuuzii ampia, inakuuzia kilowati-saa, yaani units, na mkondo huo ulikuwa hauhesabiwi tangu awali. Mwambie aache kipimo chake mfukoni, mkahesabu mipepeso ya ile taa nyekundu kabla na baada. Hutamwona tena.

Anayemfuata huyo ni hatari kuliko yeye. Atakuja na sumaku, au atasema anaweza "kuichezea". Mita za sasa zinahisi sumaku na kufunguliwa kwa kifuniko, zinakata umeme, na zinaandika siku na saa ya tukio. Mita janja inalipeleka tukio hilo ofisini kabla fundi wako hajashuka ngazi. Wengine wanaruka mita kabisa: wanaunganisha waya wa milimita 1.5 kabla ya mita na kuupeleka moja kwa moja kwenye jiko la umeme. Waya huo haupiti kwenye breka yoyote ya nyumba. Kinga iliyobaki ni fyuzi ya huko nje, iliyopangwa kwa waya mnene unaotoka kwenye nguzo, kwa hiyo waya wako mwembamba utayeyuka juu ya dari wakati fyuzi bado imetulia. Na akija mtu yeyote akataka pesa taslimu ili "akusajili" kwenye mita janja, muombe kitambulisho na kumbukumbu namba ya malipo. Asipokuwa navyo, funga geti.