Namba fazi: ipi kubwa, ipi ndogo?

Namba fazi ni nini, na ugumu wa kuzipanga uko wapi?

Muulize mtaalamu kazi itachukua miezi mingapi. Atasema, "Kama mitano hivi. Haipungui mitatu, haizidi minane." Jibu hilo huandikwa (3, 5, 8): chini, kilele, juu. Hiyo ndiyo namba fazi ya pembetatu, tunda la nadharia aliyoianzisha Lotfi Zadeh mwaka 1965. Kwa namba za kawaida hakuna ubishi: 7 inaishinda 5. Namba fazi hupandana, moja ikaizidi nyingine upande huu na kuzidiwa upande ule. Ndiyo maana tangu mtafiti Jain atoe njia yake ya kuzipanga mwaka 1976, nyingine nyingi zimefuata.

Nimetumia njia mbili, nimepata washindi wawili. Nimekosea hesabu?

Huenda hujakosea popote. Chukua alama za ubora A = (3, 4, 8) na B = (1, 6, 7). Njia ya kitovu hujumlisha zote tatu na kugawanya kwa 3: A inapata 5, B inapata 4.67. Faharasa ya Yager ya mwaka 1981 huhesabu kilele mara mbili, kisha hugawanya kwa 4: A ni 4.75, B ni 5. Mshindi amegeuka!

Njia ya kwanza huzipa ncha uzito uleule wa kilele. Ya pili hukiamini kilele zaidi. Basi jiulize kilele chako kimetoka wapi. Kama ni vipimo vilivyorudiwa, mimi ningemfuata Yager. Kama ni kisio la mtu mmoja, ningebaki na kitovu. Kinachoniudhi ni ripoti inayomtangaza mshindi bila kutaja njia iliyompa ushindi, ilhali njia ndiyo iliyoamua.

(2, 5, 8) na (4, 5, 6) zinatoka sare kwa njia zote mbili. Nifanyeje?

Liou na Wang, mwaka 1992, waliingiza kipimo cha matumaini kati ya 0 na 1. Kwa 1, yaani matumaini kamili, ya kwanza inashinda, 6.5 kwa 5.5. Kwa 0 inashindwa, 3.5 kwa 4.5. Ukiweka 0.5, sare inarudi. Hapo anayeamua ni wewe na uvumilivu wako wa hatari, na tafadhali panga kipimo hicho kabla ya kuona majibu.

Data zangu zina hasara, yaani namba hasi. Kuna njia ambayo sipaswi kuitumia?

Ipo. Njia ya Cheng ya mwaka 1998 hupima umbali wa kitovu kutoka sifuri, kwa hiyo faida na hasara zenye umbo na ukubwa uleule hupata alama moja.

Nikiongeza chaguo jipya, mpangilio wa yale ya zamani utabadilika?

Kwa kitovu na Yager, la. Kila namba hupata alama yake peke yake. Kwa njia ya Chen ya mwaka 1985 unaweza kubadilika, kwa kuwa mipaka yake hutokana na machaguo yote kwa pamoja. Orodha ikiwa bado inakua, iache njia hiyo mpaka orodha ifungwe.