Usizime Defender ili fundi akuwekee antivirusi ya kreki

Mwambie huyo fundi wa Jumamosi asije. Umesema laptopu yako ina RAM ya GB 4 na Windows 10, unataka antivirusi nyepesi na fayawoli (mlinzi wa mawasiliano ya mtandao) isiyomaliza bando. Kisha, kama jambo dogo tu, ukaongeza kwamba fundi mmoja wa mjini Kampala atakuja Jumamosi akuwekee "antivirusi kamili ya maisha" kwa shilingi 30,000, ila kwanza uzime Defender, ile antivirusi inayokuja na Windows yenyewe, kwa sababu inakula RAM. Mengine yote yangoje. Hapo ndipo utakapoumia, na bei yake naijua kwa sababu nilikwisha kuilipa.

Antivirusi ya kulipia huuzwa kwa leseni ya muda, na programu yenyewe huuliza seva za kampuni kama leseni bado iko hai. Ili ufunguo wa wizi udumu, kreki, yaani kile kinachovunja leseni ili programu itumike bila kulipiwa, lazima iizuie programu isiongee na seva hizo. Njia ya kawaida ni kuandika mistari kwenye faili ya hosts, iliyoko C:\Windows\System32\drivers\etc, ili majina ya seva yaelekezwe kwenye 127.0.0.1, yaani yarudi kwenye kompyuta yako mwenyewe. Mara nyingi zinazozibwa hapo ni pamoja na seva zinazoleta orodha ya virusi vipya. Alama inabaki ya kijani, maandishi yanasema umelindwa, kumbe orodha ni ya miezi iliyopita. Na Windows ikiona antivirusi nyingine imejisajili, Defender hujiweka kando. Umebaki na mlinzi kipofu mlangoni, na mwenye macho umemrudisha kwao.

Hiyo ni ikiwa kreki ni safi, na hujui kama ni safi. Kuna familia ya virusi vya kudai fidia, yaani vinavyofunga faili zako hadi ulipe, inayoitwa STOP/Djvu, na njia yake kuu ya kuenea ni hizi hizi kreki na vitengeneza funguo. Unazima ulinzi, unabonyeza faili, na muda si mrefu picha na hati zako zinaongezewa mwishoni herufi nne ngeni. Katika kila folda inatokea faili ya _readme.txt inayodai karibu dola 1,000, au nusu yake ukilipa ndani ya saa 72. Nakala za kurejeshea ambazo Windows huzihifadhi yenyewe hufutwa. Mara nyingi virusi hivyo huja pamoja na mwizi wa nywila, kwa hiyo hata zile ulizohifadhi kwenye kivinjari zinaondoka. Oktoba 2019 Emsisoft, kampuni ya usalama wa kompyuta, walitoa chombo cha bure cha kufungua faili zilizofungwa na matoleo ya zamani. Kwa matoleo ya baadaye hufanya kazi pale tu virusi vilipotumia ufunguo wa nje ya mtandao, ule ule kwa watu wengi, na ufunguo huo ukapatikana. Kama kompyuta ilikuwa na intaneti wakati wa kufungwa, ufunguo ni wako peke yako na uko kwa wezi. Tumaini dogo linalobaki ni kwamba virusi hivi hufunga takriban KB 150 za mwanzo za kila faili, hivyo video kubwa huweza kutengenezwa. Hati ya Word ya KB 90 imekwenda yote.

Kinachoniudhi ni kwamba mafundi wa namna hii wanajua. Wanajua kwa nini Defender hupiga kelele flashi yao ikichomekwa, na badala ya kukueleza wanakuambia "hiyo ni kelele ya bure, inaogopa kreki tu". Wakishachukua hela, data ni yako na hasara ni yako. Basi shika hili moja: programu yoyote inayotaka ulinzi uzimwe ndipo iingie, isiingie. Iwe antivirusi, iwe Office, iwe mchezo wa mtoto.

Kama kuna fundi aliyewahi kuigusa mashine hiyo, ikague leo. Fungua PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, kama msimamizi, andika Get-MpComputerStatus, utazame mistari miwili: RealTimeProtectionEnabled iwe True, na AntivirusSignatureLastUpdated iwe tarehe ya jana au leo. Kisha andika Get-MpPreference utafute ExclusionPath, ExclusionExtension na ExclusionProcess. Kwenye kompyuta ya nyumbani hizo zinapaswa kuwa tupu. Ukikuta C:\ (diski nzima) au exe (faili za programu), kuna mtu aliyeamuru Defender isitazame humo. Iondoe kwa Remove-MpPreference -ExclusionPath "C:\", na kwa exe tumia -ExclusionExtension. Halafu fungua hosts kwa Notepad, nayo kama msimamizi. Mistari ya asili ya Windows huanza kwa alama ya #. Mstari usio na alama hiyo na unaotaja Microsoft au kampuni ya antivirusi, ufute. Malizia kwa ukaguzi wa Defender wa nje ya mtandao (offline scan). Kompyuta itajiwasha upya na kukagua kabla Windows haijaamka, kama dakika 15. Uwe umechomeka chaja, na umeme uwepo.

Ukikuta kitu, badilisha nywila zako kwa kutumia kifaa kingine, na uanze na ya barua pepe.

Sasa hilo la RAM. Defender hula MB mia na kitu, mara nyingine mia mbili na kitu. Antivirusi nyingine ukiijumlisha na huduma zake zote haiko mbali na hapo. Kinachokwamisha mashine ya GB 4 kwa kawaida ni diski ya zamani ya kuzunguka. Fungua Task Manager, ukiona diski iko 100% huku RAM bado ina nafasi, tatizo ni diski, na zile 30,000 ziweke akiba ya SSD, diski ya kasi isiyozunguka. Kwa sasa punguza nguvu ya ukaguzi: Set-MpPreference -ScanAvgCPULoadFactor 20. Kawaida huwa 50. Na usiweke antivirusi mbili zinazolinda kwa wakati mmoja. Kila moja hutaka kulishika faili kabla halijafunguka, na hapo hata kufungua folda kunakuwa safari.

Fayawoli unayo tayari, ni ya Windows. Huzuia yanayoingia bila kuitwa na kuruhusu yanayotoka. Kwenye Wi-Fi ya hosteli au ya mgahawa, chagua mtandao uwe wa umma, si wa nyumbani. WannaCry, virusi vya kudai fidia vya Mei 2017, vilihama kompyuta hadi kompyuta kupitia mlango wa mtandao namba 445, ingawa Microsoft walikuwa wametoa kiraka cha kuziba tundu hilo tangu Machi. Ukitaka pia kuzuia programu zinazotoka kimya kimya na kula bando, programu ya TinyWall ni ndogo na hutumia uchujaji wa Windows hiyo hiyo.

Jingine ni flashi. Ukitoka kuchapisha kule Wandegeya, Kampala, na kukuta folda zote zimegeuka njia za mkato (shortcut), usibonyeze hata moja. Kagua flashi kwa Defender kwanza, kisha, kama herufi ya flashi ni E, andika kwenye Command Prompt: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* Folda zako zipo, zimefichwa tu. Zikirudi, futa zile njia za mkato.

Na kabla ya Jumamosi, nakili hati zako kwenye diski ya nje, kisha uichomoe. Ikibaki imechomekwa, virusi vya fidia huifunga nayo.