Bima imekataa kulipa: nianzie wapi?

Maswali ya mwezi huu yametoka Kenya, na majibu yanafuata sheria ya Kenya.

SWALI: Mwezi wa Februari gari langu liligongwa kwa nyuma karibu na Naivasha, likasukumwa mtaroni. Lina bima kamili. Baada ya miezi miwili ya "rudi kesho", afisa wa madai amenipigia simu kusema hawalipi kwa kuwa leseni ya dereva wangu ilikuwa imeisha. Niende kwa wakili au serikalini? Msomaji, Nakuru

Pole kwa hasara. Kabla ya wakili na kabla ya serikali, itafute barua. Neno la simu halishikiki: leo sababu ni leseni, ukileta leseni mpya utasikia ni matairi. Andika kwa baruapepe, kisha upeleke nakala kwa mkono na kugongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Omba vitu vinne: barua ya kukataa inayotaja kifungu cha hati ya bima wanachokitegemea, ripoti ya mkadiriaji, ripoti ya mpelelezi kama yupo, na nakala ya fomu ya maombi uliyojaza ulipochukua bima. Fomu hiyo watu huisahau, na ndiyo kampuni inayoitumia kudai kwamba ulificha jambo.

Barua ikija, ifungue sambamba na hati yenyewe ya bima. Stika na risiti hazitoshi. Tafuta kijitabu chenye masharti yote. Kuhusu leseni, hati nyingi za magari husema dereva awe na leseni, *au awe amewahi kuwa nayo na hajazuiwa kisheria kuipata*. Maneno hayo yakiwa kwenye hati yako, leseni iliyoisha muda si sababu ya kukunyima fidia. Aliyesahau kulipia leseni hayuko sawa na aliyefungiwa na mahakama, wala na asiyewahi kufuzu daraja la gari hilo. Dereva achukue kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kumbukumbu za leseni yake zinazoonyesha daraja na tarehe, uziambatanishe. Na kama maneno ya hati yana utata, mahakama huyasoma kwa kumfaa mwenye bima, kwa sababu kampuni ndiyo iliyoyaandika.

Kampuni ikishikilia msimamo, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Hulipi chochote. Taja kifungu cha 203 cha Sheria ya Bima, Sura ya 487: kampuni ina siku 90 tangu dai liripotiwe ili ikubali dai, ikadirie na ilipe. Kwa hiyo tarehe uliyoripoti ni silaha. Itaje katika sentensi ya kwanza. IRA hufaa sana pale kampuni inapokawia au inapokataa bila sababu. Lakini mkibishana juu ya ukweli wenyewe, kwa mfano nani alikuwa usukani, huenda ukaelekezwa mahakamani au kwa msuluhishi, yaani mtu anayeamua mgogoro nje ya mahakama, kwa sababu mashahidi wanahitaji kuhojiwa.

Hapa pana mtego unaowaponza wengi. Hati nyingi zina kifungu cha usuluhishi kinachosema kwamba kampuni ikikataa dai, nawe usipolipeleka kwa msuluhishi ndani ya miezi 12 tangu siku ya kukataliwa, dai limekufa. Sheria ya ukomo inampa mtu miaka 6 kushtaki juu ya mkataba, na watu huitegemea wakidhani wana nafasi tele, huku hati yao imeweka mwaka mmoja. Kulalamika IRA hakusimamishi hesabu hiyo. Tia alama kwenye kalenda mwezi wa tisa tangu siku ya kukataliwa: kama hakuna jibu la maana kufikia hapo, wakili aandike notisi ya usuluhishi. Ukikimbilia mahakamani moja kwa moja, kampuni ina haki ya kuomba kesi isimamishwe mwende kwanza kwa msuluhishi.

Usisahau pia kwamba aliyekugonga kwa nyuma ana deni lake kwako. Uharibifu usiozidi shilingi 1,000,000 unaweza kumdai katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria inaitaka imalize shauri ndani ya siku 60, na unaruhusiwa kujisimamia bila wakili. Muda wa dai la aina hiyo ni miaka 3. Hutalipwa hasara moja mara mbili, ila si lazima ungoje bima yako. Jambo moja tu: usitie sahihi karatasi ya "tumesameheana" kituoni. Kampuni yako ikikulipa hurithi haki ya kumdai yule dereva, na ukiwa umeshamsamehe utakuwa umewapa sababu halali ya kukukatalia.

SWALI: Wamekubali dai, lakini gharama ya ukarabati ni 400,000 na wanatoa 277,500. Nimepewa karatasi ya kutia sahihi. Mama wa watatu, Thika

Mama, usitie sahihi bado. Karatasi hiyo kwa kawaida husema umepokea malipo kamili na ya mwisho, na ukishaisaini kuidai tofauti ni kupanda mlima. Waombe kwanza hesabu iliyoandikwa. Kwa takwimu ulizotutumia, hesabu yao inaelekea kuwa hivi: gari wanasema lilikuwa na thamani ya 1,200,000, nawe ulilikatia bima ya 900,000, yaani robo tatu. Basi wanalipa robo tatu ya hasara, 300,000, kisha wanatoa ekses, ile sehemu unayojibebea, asilimia 2.5 ya 900,000, ambayo ni 22,500. Zinabaki 277,500.

Hesabu ni sahihi. Cha kupinga ni ile 1,200,000. Wameitoa wapi? Kama walipokukatia bima mthamini wao alilikagua gari na ndiye aliyeandika 900,000, wana kibarua kigumu kukulaumu kwa kulikatia kidogo. Tafuta ripoti hiyo. Kama haipo, mlipe mkadiriaji mwingine mwenye leseni atoe thamani ya gari siku ya ajali, kwa umri na kilomita zake. Ikitokea hata 1,000,000, sehemu yako inapanda hadi 360,000 kabla ya ekses. Waweza pia kuwaandikia walipe kiasi wanachokikubali sasa, bila kuathiri dai lako la kilichobaki.

SWALI: Nilivunjika mguu ndani ya matatu. Mahakama imeamua mwenye gari anilipe 640,000 na hana kitu. Kampuni ya bima inasema gari lilizidisha abiria na mwenyewe hakuwaripotia ajali. Msomaji, Kisumu

Hizo ni lawama baina ya kampuni na mteja wake, wewe hazikuhusu. Sheria ya bima ya lazima ya magari, Sura ya 405, inamlinda abiria na mpita njia aliyeumizwa. Kifungu cha 16 kinafuta, kwa upande wako, masharti ya hati yanayohusu idadi ya abiria, hali ya gari au umri wa dereva. Kifungu cha 8 kinafuta visingizio vya yaliyofanywa au kuachwa baada ya ajali, na kuchelewa kuripoti ni mojawapo. Kampuni inakulipa, kisha ikitaka imdai mwenye matatu. Ukomo ni shilingi 3,000,000 kwa mtu mmoja, na hukumu yako iko chini sana ya hapo.

Njia yake ni kesi mpya dhidi ya kampuni, kuiomba mahakama itamke kwamba inawajibika kulipa hukumu ile. Utahitaji nakala ya amri iliyothibitishwa na mahakama, abstrakti ya polisi (hati ya muhtasari wa ajali) yenye jina la kampuni na namba ya hati ya bima, na uthibitisho kwamba kampuni ilipewa notisi ya kesi ya kwanza. Hapo kwenye notisi ndipo madai mengi mazuri hufia. Kifungu cha 10 kinataka kampuni iarifiwe kabla ya kesi kufunguliwa au muda mfupi tu baadaye. Mwulize wakili wako leo kama ana nakala yenye muhuri. Kwa mwingine yeyote anayejiandaa kushtaki: peleka notisi *kabla* ya kufungua kesi, mjadala uishe.

Kampuni inaweza kuponyoka kwa kupata tamko la mahakama kwamba mwenye gari aliidanganya alipochukua bima, lakini ilitakiwa iifungue kesi hiyo kabla, au ndani ya miezi 3 baada ya kesi yako kuanza. Waulize kama waliifungua.

SWALI: Wakili anasema nisilipe kitu, akishinda achukue asilimia 30. Ni sawa? Msomaji, Mombasa

Hapana. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili kinabatilisha makubaliano ya wakili kulipwa pale tu kesi inaposhinda. Ada zina viwango vyake vilivyochapishwa. Hakikisha kwa Chama cha Mawakili, LSK, kwamba ana cheti cha kazi cha mwaka huu, kisha mwandikiane: ada ni kiasi gani, inahusu hatua zipi, gharama za mahakama na ripoti ya daktari analipa nani, na fidia ikiingia utaipata baada ya siku ngapi. Hilo la mwisho liandikwe waziwazi, kwa sababu hundi ya bima mara nyingi hupitia kwa wakili. Kama huna uwezo wa ada, jaribu Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria au Kituo Cha Sheria, ukiwa na barua ya kukataliwa mkononi.