Keloidi na sindano zake: majibu kwa mliouliza

*Nilitoga masikio nikiwa mtu mzima. Sasa nyuma ya ndewe kuna bonge kubwa kama korosho, linawasha. Ni saratani?*

Kwa maelezo yako, dada, inaelekea ni keloidi, na keloidi si saratani wala haiambukizi. Kidonda kimeshapona, lakini mwili unaendelea kutengeneza kolajeni, protini inayojenga ngozi na makovu. Kovu la kawaida lililotuna huishia pale jeraha lilipoishia. Keloidi huvuka mpaka. Hata hivyo daktari alione kwanza, hasa likitoa damu au likikua kwa kasi.

*Wanasema kuna sindano. Inachomwa takoni?*

La! Inachomwa ndani ya bonge lenyewe. Dawa inayotumika zaidi ni triamsinoloni, steroidi inayozuia kolajeni mpya na kulilainisha kovu. Kipimo huwa miligramu 10 hadi 40 kwa mililita, na hurudiwa kila baada ya wiki 4 hadi 6 kwa miezi kadhaa. Keloidi ni ngumu kama soli ya kandambili, hivyo bomba husukumwa kwa nguvu, na sindano isipokazwa vizuri huchomoka dawa ikamrukia mchomaji usoni. Ikiingia penyewe, bonge hupauka papo hapo. Ikiteleza kirahisi mno, huenda imepitiliza hadi kwenye mafuta chini ya ngozi, na hapo panaweza kubonyea. Inauma, sikufichi. Ndiyo maana wengine huchanganya na lignokeini, dawa ya ganzi, au huligandisha bonge kwanza kwa naitrojeni ya maji, yaani gesi iliyopoozwa mno hadi ikawa kimiminika.

*Si nikatwe tu yaishe?*

Ikikatwa bila tiba nyingine, mara nyingi hurudi, pengine kubwa kuliko ya kwanza. Ukikatwa, sindano zifuate.

*Nina kisukari.*

Mwambie daktari kabla hajavuta dawa kwenye bomba, mzee wangu. Steroidi inaweza kupandisha sukari kwa siku chache. Pima mara nyingi zaidi.

*Nilichomwa kifuani, pamebaki baka jeupe.*

Hilo latokana na dawa, na kwenye ngozi nyeusi huonekana sana. Kwa wengi rangi hurudi polepole, baada ya miezi. Usipake krimu za mtaani kulifukuzia.

*Nina keloidi sikio la kulia. La kushoto nitoge?*

Usitoge. Hereni za kubana zipo.