Maswali na Majibu: Nyumba ya zamani Magomeni ina ufa, tununue?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mimi na mume wangu tumeona nyumba ya zamani Magomeni, ya vyumba sita, korido katikati, choo na jiko uani. Bati lina kutu. Chumba cha nyuma kina ufa kutoka kona ya dirisha hadi chini, na rangi ya chini inabanduka. Fundi wetu anasema ufa ni wa plasta tu. Anayeuza ni mmoja wa watoto wa marehemu mwenye nyumba. Dalali anasema wateja ni wengi, tutoe kishika uchumba (malipo ya awali) wiki hii. Tukague nini? Au tununue tu, halafu tubomoe tujenge upya? – Msomaji, Tabata

JIBU: Marahaba dada. Kishika uchumba kisitoke kwanza, sababu nitaieleza huko mbele. Tuanze na ufa, kwa maana jinsi ulivyoueleza sikubaliani na fundi wenu.

Ufa wa plasta ni mwembamba kama unywele, unakwenda huku na huku bila mwelekeo, na ukigonga plasta hapo unasikia imeachana na ukuta. Ufa unaoanzia kona ya dirisha na kushuka mshazari ni habari nyingine. Mara nyingi msingi umezama upande mmoja. Zungukeni nje mtazame ukuta uleule. Mkiukuta ufa mahali palepale, ujue umepita kwenye tofali. Angalieni na upana wake: ukiwa mpana juu na mwembamba chini, kona ya nyumba inashuka na kuegemea nje.

Halafu mulikeni ndani ya ufa kwa tochi. Mkikuta rangi imeingia ndani, vumbi na utando wa buibui, basi ulipasuka zamani, wakapaka rangi juu yake na haujaongezeka sana. Mkikuta kingo kali, saruji ya kijivu isiyo na vumbi, na rangi imekatika wazi pande zote mbili, ukuta bado unatembea. Tazameni pia mlango wa chumba hicho. Kama umepigwa randa upande mmoja ili ufunge, fremu imepinda pamoja na ukuta.

Kinachozamisha msingi ndicho kinachoamua kama nyumba inatengenezeka. Kwenye viwanja vidogo vya mitaa ya zamani, shimo la choo likijaa huchimbwa jingine pembeni, na la kwanza hufukiwa kwa mchanga na takataka. Miaka ikipita lile la zamani linatitia, na ukuta ulio karibu unalifuata. Waulizeni wapangaji wakongwe choo cha mwanzo kilikuwa wapi. Sababu nyingine ni maji: bati lisilo na gata (mfereji wa kukusanya maji ya bati) linamwaga mvua mguuni mwa ukuta kila msimu, au bomba linavuja chini kwa chini. Maji yana dawa, yaani gata, zege la kuzunguka nyumba na bomba jipya. Shimo lililofukiwa karibu na msingi lina gharama kubwa zaidi. Ombeni mchimbe kona ile hadi chini ya msingi, mhandisi aone kina chake na udongo ulioubeba. Ni kazi ya asubuhi moja. Muuzaji akikataa, chukueni kukataa kwake kama jibu.

Rangi inayobanduka chini, hasa ikiwa na unga mweupe, ni chumvi inayopanda na unyevu kutoka ardhini. Nyumba nyingi za zamani hazikuwekewa kitu cha kuzuia unyevu kati ya msingi na ukuta, na nyingine zilijengwa kwa mchanga wenye chumvi. Kupiga plasta mpya juu yake hakusaidii, itabanduka tena. Ukuta uliopakwa rangi mpya kuanzia kiunoni kushuka chini uukague mara mbili.

Bati lenye kutu lisikunyime usingizi, bei ya bati unaijua dukani. Cha kuangalia ni kenchi, yaani mbao zinazobeba bati. Fundi apande darini na bisibisi, aichome mbao hasa pale inapokalia ukuta. Bisibisi ikizama, mchwa au maji yameshakula. Nyaya za umeme za miaka hiyo hesabuni kabisa kwamba mtazibadilisha zote, pamoja na kuweka waya wa ardhini.

Sasa tutoke nje, maana ukuta mtautengeneza lakini bonde hamtalihamisha. Magomeni ni mtaa mzuri, mwendokasi upo tangu 2016, Kariakoo ni karibu. Ila upande unaoshuka kuelekea Jangwani na Mto Msimbazi ni tofauti na ule ulio juu, na mtaa mmoja unaweza kubeba hali zote mbili. Msimuulize dalali kama maji yanafika. Waulizeni majirani swali lenye tarehe: mvua za Desemba 2011 maji yalifika wapi hapa? Na za Aprili 2024? Mwenyeji atakuonyesha kwa mkono ukutani. Macho yenu nayo yafanye kazi: kizingiti cha mlango kilichoinuliwa kwa tofali, soketi zilizohamishiwa juu, friji ya jirani iliyosimama juu ya mawe, mstari wa tope nyuma ya kabati. Mkiweza, nendeni mvua ikiwa inanyesha. Mtajua kama kuna wanaotapisha vyoo, yaani wanaomwaga majitaka ya choo mtaroni, na kama maji hayo yanapita mbele ya mlango wenu. Ulizeni pia kama gari la kunyonya majitaka linafika. Likiwa halifiki, choo kikijaa mtakuwa wafungwa wa wanaotapisha kwa ndoo.

Kuna na suala la mipaka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Wakazi wa bonde la Msimbazi waliona alama za X nyekundu kwenye nyumba za kubomolewa, na bomoabomoa ya 2015 na 2016. Mpima ardhi atafute bikoni (alama za mipaka) za kiwanja na kulinganisha na ramani ya upimaji. Mkiambiwa bikoni zilishapotea, mpima azirudishe kabla hamjalipa.

Narudi kwenye kishika uchumba. Mtoto wa marehemu hana mamlaka ya kuuza kwa kuwa mtoto tu. Mnatakiwa kumwona msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na jina lake liingizwe kwenye daftari la hati kabla ya kuhamishia kwenu. Kama mjane yupo hai, mzungumze naye ana kwa ana, na warithi wengine waandike kwamba wanaridhia. Halafu wakili afanye upekuzi rasmi wa hati kwa msajili: mmiliki ni nani, kuna mkopo wa benki, kuna zuio la kuiuza. Soma na muda wa hati. Hati za zamani nyingine ni za miaka 33, kwa hiyo iliyoanza 1990 ilimalizika 2023. Deni la pango la ardhi mlidai lilipwe na muuzaji, pamoja na bili za maji. Muhuri wa serikali ya mtaa unasaidia kuthibitisha watu na jirani, lakini hauchukui nafasi ya upekuzi.

Kuhusu kubomoa: mkibomoa, mnahitaji kibali cha ujenzi cha Manispaa ya Kinondoni, na bei mnayolipa sasa inakuwa ya kiwanja peke yake. Basi mthamini aliyesajiliwa awatenganishie thamani ya kiwanja na ya jengo, ili msilipie kuta mtakazozibomoa. Binafsi nyumba za aina hii nazipenda. Korido ile inapitisha upepo vizuri, na vyumba viwili vya mbele vinaweza kupangishwa huku mkitengeneza vya nyuma. Kama nyumba iko juu ya bonde, ufa ni wa zamani na msimamizi wa mirathi yupo, ningeitengeneza kwa awamu: gata na maji ya mvua kwanza, kona ya nyuma ifuate, kenchi na bati, kisha umeme, plasta mwisho. Ikiwa maji ya 2011 yaliingia ndani, iacheni hata kwa nusu bei.